Tulipie kazi ya kupima kabla ya kununua betri nyingine

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie gharama ambayo wenye magari wengi hapa Uganda wanaibeba bila sababu, yaani kununua betri mpya kila gari linapokataa kuwaka asubuhi. Mimi ni fundi wa umeme wa magari mjini Tororo, jirani na mpaka wa Malaba ambako magari yaliyotumika Japani huingilia nchini yakitoka bandari ya Mombasa. Baada ya muda, mengi ya magari hayo huletwa gereji yakiwa na moja ya kasoro mbili: ama betri iliyokuwa nzima jioni hukutwa imekwisha alfajiri, ama taa, redio au injini yenyewe huzimika njiani kisha hurudi bila kuguswa, na gari linapofika kwa fundi hakuna kinachoonekana kibaya. Kasoro za aina hii haziondoki kwa kubahatisha. Zinahitaji kupimwa, kupima kunachukua muda, na muda huo lazima ulipiwe. Hilo ndilo ombi langu kwa wasomaji wako, na naomba nieleze sababu zake.

Tatizo linaanzia katika namna tunavyoithamini kazi ya fundi. Mteja yuko tayari kutoa mamia ya maelfu ya shilingi kwa betri anayoiona na kuishika, lakini akiambiwa kwamba saa mbili za kufuatilia nyaya zina bei yake, hata kama hakuna kipuri kilichobadilishwa, huhisi kwamba anaibiwa. Fundi naye, akishajua kwamba kupima hakumletei chochote, huchagua njia inayomlisha: huuza betri, wiki mbili baadaye huuza alteneta iliyotumika (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka), halafu huuza stata (mota inayoizungusha injini ili iwake), na gari hurudi kila mara na ugonjwa uleule. Sisemi kwamba mafundi hao wote ni wadanganyifu. Wengi wao ni watu waaminifu waliofikishwa hapo na utaratibu wa malipo unaothamini kipuri na kudharau maarifa ya kujua kipuri kipi kimeharibika.

Watu wengi huamini kwamba kinachomaliza betri ni stata. Hesabu haikubaliani nao. Stata ya gari dogo la petroli huvuta kiasi cha ampea 150, lakini kwa sekunde tatu au nne tu, kwa hiyo gari likiwaka vizuri huwa halijatumia hata moja ya tano ya ampea-saa moja, yaani ya umeme wa ampea moja unaovutwa kwa saa nzima. Betri ya kawaida ya magari haya, ile iliyoandikwa NS60 au 46B24L, hubeba takriban ampea-saa 45 ikiwa mpya. Sasa chukua gari ambalo, likiwa limezimwa na kufungwa, bado linavuta nusu ampea kwa siri. Katika usiku mmoja wa saa 12 gari hilo hupoteza ampea-saa 6, yaani zaidi ya mara 30 ya kile kilichotumiwa na stata. Likiegeshwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, hupoteza ampea-saa 30, ambazo ni theluthi mbili ya betri nzima, na betri iliyokwisha kuchoka haiwezi tena kuizungusha injini. Ndiyo maana gari la teksi linalotembea kutwa kucha linaweza kuificha kasoro hii kwa miezi mingi, ilhali gari la mtumishi anayeliacha nyumbani mwisho wa juma hukwama kila Jumatatu, na mwenyewe akadhani ana bahati mbaya na betri. Gari zima kabisa nalo huvuta umeme kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, king'ora na kumbukumbu ya kompyuta zake, lakini kiasi hicho kwa kawaida ni kati ya miliampea 20 na 50 (miliampea 1,000 ni ampea moja), na kwa mwisho huohuo wa juma miliampea 30 hazifikishi hata ampea-saa 2.

Kipimo cha kwanza hakihitaji ufundi mkubwa, na mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe kwa mita ya umeme ya bei nafuu. Gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4, imebakiwa na robo tatu hivi, na ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Injini ikiwa inanguruma, kipimo hicho kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.7, na kikibaki kwenye 12 huku kikishuka polepole, basi alteneta, mkanda wake au nyaya zake ndizo za kuchunguzwa. Hapa fundi awe mwangalifu, kwa sababu katika baadhi ya magari ya miaka ya karibuni kompyuta hupunguza chaji kwa makusudi betri ikishajaa ili kuokoa mafuta, na kipimo cha chini cha dakika moja hakitoshi kuihukumu alteneta. Wakati stata inapozungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6. Kwa betri zinazofunguka vifuniko, haidromita, yaani kifaa cha kupima uzito wa maji ya betri, husema ukweli zaidi ya mita: seli zote sita zikisoma karibu sawa, betri ina matumaini hata kama imeisha, lakini seli moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, betri hiyo imekufa na haitafufuliwa na chaji yoyote. Siwapingi wanaouza betri. Betri nazo huzeeka, na joto la chini ya boneti katika nchi yetu huzizeesha mapema. Ninachopinga ni kuweka betri mpya ndani ya gari linalovuja umeme, maana betri inayomalizwa kabisa mara kwa mara huganda salfeti kwenye sahani zake na kupoteza nguvu, hata ikawa imeuawa na gari ndani ya miezi michache, kisha lawama ikaangukia kiwanda kilichoitengeneza.

Kupima uvujaji ndiko kunakohitaji subira, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mita huunganishwa kati ya kichwa hasi cha betri na waya wake, ikiwa imewekwa kwenye kipimo cha ampea 10, na mtu yeyote asithubutu kupiga stata au kuwasha taa kubwa wakati huo, kwa kuwa fyuzi ya ndani ya mita inaweza kuungua. Kabla ya kuunganisha, boneti iwe wazi, kufuli ya mlango ifungwe kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, na ufunguo upelekwe mbali, hasa kwa magari yanayowaka kwa kitufe, kwa sababu ufunguo ulio karibu unaweza kuendelea kuwasiliana na gari na kulinyima usingizi. Kisha fundi asubiri. Mwanzoni mita inaweza kuonyesha ampea kadhaa, kwa kuwa kompyuta za gari bado ziko macho, nazo hulala moja baada ya nyingine, baadhi baada ya dakika chache na baadhi baada ya nusu saa au zaidi. Fundi anayesoma mita katika dakika ya kwanza na kutangaza kwamba gari linavuja atalihukumu gari lisilo na kasoro.

Mita ikitulia juu ya miliampea 50, msako huanza. Wengi wetu tulifundishwa kuchomoa fyuzi moja moja mpaka kipimo kishuke, na njia hiyo ilifaa magari ya zamani, lakini katika gari lenye kompyuta nyingi, kuchomoa na kurudisha fyuzi huziamsha kompyuta upya na hesabu yote huvurugika. Iko njia bora zaidi. Juu ya kila fyuzi ya bapa kuna vidoa viwili vya chuma vilivyoachwa wazi. Mita ikiwekwa kwenye milivolti na ncha zake zikagusa vidoa hivyo, fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri, na ile inayopitisha husoma milivolti chache. Kwa namna hiyo fundi hupita kisanduku kizima bila kuligutusha gari, na mwishoni hujua ni tawi gani linalotumia umeme wakati kila kitu kingepaswa kuwa kimelala. Iwapo fyuzi zote ndogo ni kimya na bado mita inaonyesha uvujaji, macho yaelekee kwenye alteneta, kwa sababu dayodi zake, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikiharibika huruhusu umeme urudi nyuma kupitia waya mnene usiopita katika fyuzi hizo. Kuthibitisha ni rahisi: kichwa hasi hufunguliwa kwanza kwa usalama, waya mnene wa alteneta huondolewa na kufunikwa, kisha kipimo hurudiwa.

Katika magari yetu, mkosaji ninayemkuta mara nyingi zaidi ni redio, na kisa chake kinastahili kuelezwa. Redio zilizokuja na magari mengi ya Japani hupokea masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa ndivyo mawimbi yalivyogawanywa kule, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mnunuzi hujikuta hapati stesheni nyingi za hapa, akaenda kufungiwa redio nyingine. Redio hizo za kufunga baadaye kwa kawaida huwa na nyaya mbili za umeme: wa njano, ambao hupata umeme wakati wote kwa ajili ya kumbukumbu ya stesheni na saa, na mwekundu, ambao unapaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mfungaji mwenye haraka huziunganisha mbili hizo pamoja kwenye waya mmoja wenye umeme wa kudumu, redio ikalia, mteja akafurahi, na tangu siku hiyo chombo hicho hakijui kwamba gari limezimwa. Mambo ni yaleyale kwa vikuza sauti, kwa ving'ora vya bei nafuu, na kwa vifaa vya kufuatilia gari ambavyo wakopeshaji hufunga ili kulinda fedha zao. Kifaa chenyewe huenda ni kizima kabisa, ila kimeunganishiwa umeme mahali pasipofaa, kikafungwa kwa tepu na kufichwa nyuma ya dashibodi ambako hakuna atakayekiona.

Kwa sababu hiyo nawasihi wenye magari wamweleze fundi kila kitu kilichowahi kuongezwa kwenye gari, hata kama kilifungwa na mtu mwingine au kwa bei ya chini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi hii anayeficha hulipia mara mbili. Kwa taa ya buti au ya sanduku la dashibodi, ambayo huweza kubaki ikiwaka baada ya kufungwa, mwenye gari anaweza kujipatia jibu bila fundi: aweke simu ndani ikirekodi video, afunge kwa dakika moja, kisha atazame kama taa ilizimika.

Kasoro inayokuja na kuondoka ni ngumu zaidi, lakini nayo ina masharti yake. Kuna inayokuja wakati wa joto, kuna inayokuja wakati wa unyevu, na kuna inayokuja gari linapotikisika kwenye barabara za murramu. Dereva ndiye shahidi wa kwanza, na ushahidi wake una thamani kubwa kuliko chombo chochote nilicho nacho. Aandike: ilikuwa saa ngapi, gari lilikuwa limetembea umbali gani, mvua ilikuwa inanyesha au la, taa zipi zilikuwa zimewashwa, na kitu gani kilizimika kwanza. Injini inayozimika mchana baada ya safari ndefu na kuwaka tena ikishapoa hunielekeza kwenye kihisi cha mzunguko wa injini, au kwenye relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ambayo risasi yake ya kulehemia ndani imepasuka na hufumuka ikipata moto. Gari linalosumbua katika mvua za Machi hadi Mei, na likatulia Juni, hunielekeza kwenye soketi zilizoingia maji na kuota kutu ya kijani. Baada ya hapo kazi yangu ni kuiita kasoro ije mbele yangu, kwa kupasha sehemu hiyo joto la mashine ya kukaushia nywele, kwa kuinyunyizia maji, au kwa kutikisa nyaya huku mita ikiwa imeunganishwa.

Nitoe mfano mmoja. Mwenye gari la abiria linalofanya safari kati ya Mbale na mji wetu alikuwa akisumbuliwa na fyuzi ya taa za nyuma iliyoungua bila mpangilio, mara baada ya siku moja, mara baada ya majuma mawili. Njiani alikuwa amesaidiwa kwa kuwekewa kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi, jambo ambalo nalitaja ili likomeshwe, kwa sababu fyuzi iko pale kuungua kabla ya nyaya, na ikiondolewa, kitakachoungua ni nyaya zenyewe na pengine gari lote pamoja na waliomo. Tuliutoa waya huo na mahali pake tukaunganisha balbu ya indiketa ya wati 21. Mzunguko ukiwa mzima, balbu hiyo hufifia kwa kuwa inagawana umeme na taa za nyuma. Nyaya zikigusa bodi, balbu hung'aa kabisa, lakini haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 2, hivyo hakuna kinachoungua na fundi anaweza kuendelea kutafuta kwa utulivu. Tulitikisa nyaya chini ya sakafu, balbu ikabaki imefifia. Tulipoinua mlango wa nyuma nusu, ikang'aa. Ndani ya mpira unaobeba nyaya kwenye bawaba ya mlango huo, waya mmoja ulikuwa umechubuka kwa kukunjwa kila abiria alipopakiwa mzigo, na uligusa chuma katika pembe moja tu. Ukarabati wake ulikuwa kipande cha waya laini, risasi na mpira wa kubana kwa joto. Thamani ya kazi hiyo haikuwa katika vifaa hivyo, na mwenye gari alilielewa hilo kwa kuwa alisimama akaiona balbu.

Naomba niongeze neno kuhusu waya wa hasi unaoshika bodi na injini, kwa kuwa ndio unaosahaulika. Umeme wote unaotoka betri lazima urudi, na njia ya kurudia ikiwa na kutu, gari huonyesha maajabu: taa moja ikiwashwa nyingine hufifia, geji hupanda indiketa inapowaka, stata hugoma asubuhi na kukubali mchana. Kuupima waya huo kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani, hakutoshi, maana hata waya uliobakiwa na uzi mmoja husoma kama mzima mita inapopitisha umeme wake mdogo. Upimwe ukiwa kazini: ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, na stata ipigwe. Kinachopotea kikizidi robo ya volti hivi, waya au maungio yake yasafishwe au yabadilishwe.

Iko pia tabia ambayo nimeiona katika gereji nyingi, ya kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama alteneta inachaji. Iachwe. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, na inapoondolewa ghafla volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa na kuua kompyuta ambayo bei yake inazidi betri na alteneta kwa pamoja. Vilevile, mashine ya kusoma kompyuta si mganga. Inataja mzunguko wenye malalamiko, haitaji kipuri cha kununua, na betri dhaifu peke yake inaweza kuifanya itoe orodha ndefu ya makosa yasiyokuwepo.

Sheria yetu ya usalama barabarani, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inakataza kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yaundwe, lakini gari la miaka 12 au 13 bado linaingia, na baada ya miaka mingine kumi ya vumbi, mvua na nyaya za kuongezwa, kasoro hizi zitakuwa nyingi kuliko leo. Kwa hiyo napendekeza utaratibu ambao baadhi yetu tumeanza kuufuata hapa Tororo. Mteja na fundi wakubaliane bei ya kupima kabla boneti haijafunguliwa, bei hiyo ilipwe hata kama hakuna kipuri kitakachobadilishwa, na iwapo mteja atakubali matengenezo yafanyike hapohapo, sehemu yake ipunguzwe katika gharama ya matengenezo. Fundi kwa upande wake aandike kwenye risiti volti za betri ikiwa imepumzika, volti za chaji, na miliampea zilizobaki baada ya gari kulala, pamoja na sehemu aliyoikuta na kasoro. Mteja anayeambiwa anunue betri aombe kuonyeshwa vipimo hivyo, kwa adabu na bila ugomvi, na fundi asiyekuwa navyo akubali kuvipima kwanza. Risiti hiyo ikae ndani ya gari, ili kasoro ikirudi huko Mbale au Kampala, fundi atakayelipokea aanzie pale mwenzake alipoishia.

Wako mwaminifu,
Fundi wa umeme wa magari,
Tororo, Uganda